Waya, Sindano na Kina Kilichopotea

Washairi wa pwani wana neno moja la kumwaibisha mtunzi mvivu, nalo ni guni. Shairi likipungua mizani au vina vyake vikiteleza, huambiwa guni, na mjadala huishia hapo. Lakini liko guni jingine ambalo mtunzi hakulitunga wala mwimbaji hakulikosea. Hilo huzaliwa sebuleni, miaka tisini baada ya wimbo kuimbwa, pale santuri nzima isiyo na ufa inapochezwa kwa mtambo usioifaa. Kina cha -sha husikika kama -ha, cha -sa husikika kama -fa, na msikilizaji kijana, ambaye hakumdiriki mwimbaji wala mtunzi, huondoka akiamini kwamba watu wa zamani hawakuwa na haja kubwa na vina.

Wanaoishuku hali hiyo, aghalabu huanza kutafuta dawa mahali pamoja: katika waya. Mwenye sahani ya kuchezea santuri huambiwa na duka, na rafiki, na jarida, kwamba waya ule mwembamba uliokuja na mtambo ndio unaoinyonga sauti, na kwamba akinunua waya wa fedha safi au wa shaba iliyosafishwa kwa namna ya pekee, nyimbo zake zitafufuka. Ushauri huu umepata nguvu mpya kwa sababu santuri zenyewe zimerudi sokoni. Nchini Marekani, mwaka 2022, sahani za vinyl ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Kurudi kwa sahani kumerudisha pia fasihi yake, na fasihi hiyo inastahili kuhakikiwa kama inavyohakikiwa fasihi nyingine yoyote, kwa fani yake na kwa maudhui yake.

Kwa upande wa fani, sifa za nyaya ni ushairi wa kusifu. Zina tashbihi, zina sitiari, zina takriri nyingi kupita kiasi. Sitiari iliyochakaa kuliko zote ni ile ya pazia: waya mpya huunganishwa, na msifuji huandika kwamba pazia limeinuliwa mbele ya muziki. Mwaka unaofuata huja waya mwingine wa bei kubwa zaidi, na pazia huinuliwa tena, hadi msomaji hujiuliza dirisha hilo lilitundikwa mapazia mangapi. Sitiari ya pili ni ya giza, yaani kwamba nyuma ya sauti kuna weusi mtulivu kuliko zamani. Ya tatu ni ya joto na baridi: shaba husemwa kuwa na joto, fedha husemwa kuwa na baridi na mng'aro, kana kwamba rangi ya madini kwa jicho ndiyo rangi yake kwa sikio. Hapa mhakiki wa mashairi hutambua kosa analolijua. Sitiari nzuri huokota sifa iliyomo ndani ya kitu na kuihamishia kwingine. Hii imeokota sifa iliyomo ndani ya duka la sonara na kuibandika kwenye wimbo.

Isidhaniwe kwamba wanaoandika hivyo husema uongo kwa kukusudia. Wengi husikia kweli wanachokisema. Sikio la binadamu halikai peke yake. Hukaa na jicho, na kumbukumbu, na mfuko uliokwisha kutoa fedha. Aidha, sauti ikipanda kidogo tu, kiasi ambacho mtu hawezi kukitambua kuwa ni kupanda, huonekana kuwa safi zaidi na yenye uhai zaidi. Ndiyo maana majaribio ya haki hutaka mambo mawili: viwango vya sauti visawazishwe kwa kipimo, na msikilizaji asijue ni waya gani unaopiga.

Jaribio hilo la pili lingepaswa kuwa jepesi kueleweka pwani kuliko mahali pengine popote. Ushairi wa Kiswahili una desturi ya kale ya kujibizana. Mwenye kujigamba katika beti zake hujua kwamba atajibiwa, tena hadharani, na kwamba fumbo alilolitoa litafumbuliwa na mtu asiyepewa jibu mapema. Majigambo ya nyaya hukimbia malumbano. Mwaka 2000, Peter Aczel, mhariri wa jarida la Marekani liitwalo The Audio Critic, aliorodhesha uongo kumi mkubwa wa biashara ya vyombo vya sauti, na wa kwanza katika orodha yake ulikuwa uongo wa nyaya. Mwaka 2007, James Randi, mwanamazingaombwe aliyekuwa na kitita cha dola 1,000,000 kwa yeyote atakayethibitisha jambo lisiloelezeka, alikitoa kitita hicho kwa atakayeweza kutofautisha, bila kuona, waya wa spika wa bei ya zaidi ya dola 7,000 na waya wa kawaida ulio mzuri. Maneno mengi yalibadilishana, jaribio lenyewe halikufanyika, na fedha zikabaki zilipokuwa. Katika ngonjera, upande unaokaa kimya zamu yake ikifika hujulikana umepata nini.

Hata hivyo, kuishia hapo kungekuwa ni kumcheka mnunuzi bila kumsaidia. Waya unaotoka kwenye sahani ya santuri si sawa na nyaya nyingine za nyumbani, na katika majigambo yote hayo imo punje ya kweli ambayo wenye kejeli nao huirukia. Chombo cha CD hutoa umeme wa kiasi cha volti 2. Kichwa cha sindano cha aina ya kawaida, chenye sumaku inayotikisika, hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, yaani sehemu moja kati ya mia nne au zaidi. Kichwa chenye koili inayotikisika hutoa kidogo zaidi, pengine nusu milivolti au chini ya hapo. Mnong'ono huo ndio unaosafiri katika waya kabla ya kufika kwenye kikuza awali, na kikuza awali hukikuza kila kilichoingia njiani: mvumo wa umeme wa nyumba, ambao katika Afrika Mashariki ni wa hezi 50, kelele za taa, na wakati mwingine sauti ya redio ya jirani. Kwa hiyo waya wa santuri unahitaji ngao, yaani wavu wa shaba uliouzunguka waya wa kati pande zote, na unahitaji ule uzi mwembamba wa tatu, ambao mafundi huuita ethi, ufungwe kwenye skrubu yake. Uzi huo hauna bei ya kutajwa. Ukisahauliwa, hakuna fedha wala dhahabu itakayoinyamazisha ngurumo itakayotoka.

Punje ya pili ya kweli ni ya ndani zaidi. Kila waya wenye ngao huhifadhi chaji kidogo kati ya uzi wa kati na ngao yake. Kapasitansi hiyo hupimwa kwa pikofaradi, na huongezeka kadiri waya unavyorefuka. Kichwa chenye sumaku, kwa upande wake, kina koili yenye maelfu ya mizunguko ya uzi mwembamba kama unywele, na koili hiyo pamoja na kapasitansi ya waya hufanya kitu kimoja kinachovuma kwa sauti yake maalumu, kama mtungi unavyovuma ukipuliziwa mdomoni. Kwa kichwa chenye indaktansi ya milihenri 550, ambacho ni cha kawaida kabisa, kapasitansi ya jumla ya pikofaradi 150 huuweka mvumo huo karibu na hezi 17,500, mahali ambapo masikio mengi ya watu wazima hayafiki. Kapasitansi ikipanda hadi 450, kwa waya mrefu wa ovyo na kikuza awali kilichojaziwa bila kufikiri, mvumo hushuka hadi karibu na hezi 10,100, huinuka kwa desibeli mbili au tatu kabla ya kufika hapo, kisha kila kilicho juu yake huporomoka. Mwimbaji aliyetamka s kwa utulivu huanza kufoka, na zumari na fidla hupoteza pumzi yake ya juu.

Watengenezaji wa vichwa huandika kwenye karatasi zao kiasi kinachofaa: kwa kimoja ni 100 hadi 200, kwa kingine ni 150 hadi 300. Nambari hiyo ndogo, iliyochapwa kwa herufi za chungu, ina manufaa kuliko kurasa zote za mapazia. Anayechagua waya na aiulize hiyo: waya huu una pikofaradi ngapi kwa mita? Waya mwema huwa na kati ya 50 na 100. Ya ovyo hupita mara mbili ya hapo. Achukue mita moja badala ya tatu, kisha ajumlishe kapasitansi ya waya, ya uzi uliomo ndani ya mkono, na ile iliyomo ndani ya kikuza awali. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo, lakini akaweza kueleza mwelekeo ambao elektroni hupenda kupita, hufaa kuagwa kwa heshima.

Kwa kichwa chenye koili inayotikisika, hesabu hii yote karibu haina kazi, kwa kuwa koili yake ni ndogo mno. Kinachotakiwa huko ni ngao na utulivu. Na baada ya kikuza awali, habari ya nyaya huisha kabisa. Umeme umekwisha kupata nguvu, na hata chombo chenye ukinzani wa omu 1,000 kikisukuma waya wenye pikofaradi 500, upungufu wa maana huanza karibu na hezi 318,000. Sikio la binadamu huishia 20,000 likiwa changa. Sahani nyingi za siku hizi zimejengewa kikuza awali ndani yake. Mwenye kuwa nayo hana la kuchagua isipokuwa rangi.

Pwani ina adui wake ambaye majarida ya Chicago na London hayana sababu ya kumtaja. Hewa ya bahari huila shaba. Plagi iliyokaa miaka mitatu nyuma ya kabati katika nyumba ya Mji Mkongwe au ya Lamu huota ukungu wa kijani, na mguso wake huwa wa kubahatisha: upande mmoja hupotea, hurudi mtu akigonga meza, hupotea tena. Dhahabu nyembamba inayopakwa kwenye plagi ina kazi ya kweli hapa, kwa kuwa haiotani na chumvi, ingawa sauti yenyewe haina habari na dhahabu. Fedha, ambayo ndiyo inayotukuzwa, hugeuka nyeusi. Na pengine hapa ndipo panapopatikana asili ya shuhuda nyingi za watu waaminifu. Mtu huchomoa waya wa zamani uliokaa miaka mingi, huchomeka mpya, na sauti huwa bora mara moja, bora kwa namna ambayo hata mkewe aliye jikoni huisikia. Hakudanganyika. Alipochomoa na kuchomeka alikwangua kutu. Angeuchomoa waya ule ule na kuurudisha, angepata pazia lake bure.

Ama kwa Unguja, uko waya mmoja ambao ubora wake umesikika na kila mtu. Ni ule uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980 kuleta umeme kutoka bara, ukiibukia Ras Fumba. Hitilafu ya mwaka 2008 ilikiacha kisiwa gizani tangu Mei hadi Juni, na ile ya Desemba 2009 iliendelea hadi Machi 2010. Waya mpya wa pili ulizinduliwa 2013. Katika miezi hiyo ya giza, santuri pekee zilizoweza kusikika kwa amani, bila jenereta kunguruma uani, zilikuwa za wenye gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, ambazo hazina waya hata mmoja.

Fumba, bila shaka, ndiko alikozaliwa Siti binti Saad, yapata mwaka 1880, binti wa watu waliotoka katika utumwa, mfinyanzi na muuza vyungu kabla ya kuwa sauti ya mji. Mwaka 1928 yeye na wenziwe walikwenda Bombay kuimba mbele ya mtambo wa kampuni ya Gramophone, na sahani zilizotoka huko ziliupeleka ushairi wa Kiswahili majumbani ambako kitabu hakikufika. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Lakini wasifu hauna sauti, na sauti imo katika sahani za shelaki, utomvu mgumu utokanao na wadudu wa Bara Hindi, zenye dakika tatu hivi kila upande, ambazo huvunjika kama sahani za chakula.

Na hapa ndipo makosa ya kuuzingatia mno waya yanapokuwa na gharama kubwa kuliko fedha za mtu mmoja. Katika neno la Kiswahili, irabu zina nguvu nyingi na hukaa chini, wakati konsonanti kama s, sh, ch na f zina nguvu ndogo na hukaa juu, hezi 4,000 na zaidi. Simu za zamani zilipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, na ndiyo maana karani wa upande wa pili alilazimika kuuliza kama ni F ya Fatuma au S ya Salum. Ukate ukanda huo wa juu, na pasa huwa sawa na pasha, fika huwa sawa na shika. Mizani itabaki kamili, kwa kuwa irabu zote zimo. Vina ndivyo vitakavyokufa. Ndiyo asili ya lile guni lisilo na mwenyewe.

Ni nani basi anayeikata? Waya mbovu hugusa hezi 10,000 na juu yake, mahali ambapo santuri za 78 za miaka ya 1920 zina mkwaruzo mwingi na wimbo kidogo. Mwizi mkubwa anakaa ndani ya kikuza awali na ana cheti. Mwaka 1954 kampuni za Marekani zilikubaliana kanuni moja ya kurekodi, inayojulikana kwa herufi RIAA: wakati wa kurekodi sauti za juu hupandishwa, na wakati wa kupiga chombo huzishusha kwa kiasi kile kile. Kwa sahani za vinyl kanuni hiyo ni rehema, kwa sababu mkwaruzo hushushwa pamoja nazo. Lakini karibu kila kikuza awali kinachouzwa leo hufuata kanuni hiyo bila kuuliza sahani imezaliwa lini. Ukiweka sahani ya 1928, ambayo sauti zake za juu hazikupandishwa hivyo, chombo kitashusha kisichopanda: desibeli 8 kwenye hezi 5,000, na karibu 14 kwenye hezi 10,000. Nane hapo ndipo penye s ya Siti. Hakuna waya duniani, wa bei yoyote, unaoweza kuiba kiasi hicho, wala unaoweza kukirudisha.

Mwizi wa pili ni sindano. Ncha ya sindano ya vinyl ina nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi. Mchirizi wa santuri ya 78 ni mpana, unataka ncha ya mikroni 65 hadi 76. Ncha ndogo ikiingia humo hukosa kuta za kuegemea, huanguka chini na kuburura kwenye sakafu, penye vumbi la miaka na mabaki ya sindano za chuma. Kinachosikika ni mchanga. Sindano maalumu ya 78 huuzwa kwa vichwa vingi vya kawaida, na kwa baadhi yake huchomolewa na kuchomekwa kwa vidole. Bei yake aghalabu ni ndogo kuliko ya ule waya uitwao wa kati na kati katika orodha za wauzaji. Mtu aliyetumia fedha zake zote kwenye waya, akabaki na sindano ya vinyl, amenunua bomba la dhahabu na kulitia kwenye kisima kisicho na maji.

Kuna dhambi za zamani pia, na hizo hazifutiki. Gramafoni ya mkono huikandamiza sahani kwa uzito wa zaidi ya gramu 100, wakati mikono ya siku hizi hutumia gramu chache. Sindano ya chuma ilikusudiwa kutumika upande mmoja na kutupwa. Wengi walioihurumia sindano wakaitumia mwezi mzima, nayo ikawa patasi. Nyimbo zilizopendwa sana ndizo zilizokatwa sana. Kwa hiyo wimbo uliohifadhika vizuri katika sanduku la familia huenda ukawa ule ambao nyumba ile haikuupenda, jambo ambalo mwanahistoria wa taarabu angefaa kulikumbuka kabla ya kuhukumu kilichokuwa maarufu kwa kilichosalia.

Uzito wa jambo hili huonekana vizuri katika nyimbo ambazo zilikuwa ushahidi. Miongoni mwa nyimbo za Siti zinazokumbukwa zaidi ni "Kijiti", unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam, na namna sheria ilivyowaangukia wanawake waliokuwa mashahidi huku mtuhumiwa akiwa amekwisha kuvuka bahari. Wimbo wa namna hiyo hausikilizwi kwa utamu wa udi peke yake. Una majina, una mahali, una nani alimwambia nani. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001, Pastimes and Politics, alizitumia nyimbo hizi kama hati za historia, na alifanya kazi kubwa kwa kuketi na wazee waliozijua kwa moyo. Wazee hao ndio waliokuwa kikuza awali bora kuliko vyote: neno lililokatwa na sindano walilijaza wenyewe. Wengi wao hawapo tena. Anayesikiliza leo amebaki na mchirizi, na akiukosea mchirizi hana wa kumuuliza.

Mfano wa kazi iliyofanywa kwa uangalifu upo. Mwaka 2007 Topic Records ya London ilitoa mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za Tanzania na Kenya, wa miaka ya 1920 hadi 1950, kutokana na hazina ya sauti ya British Library, chini ya uhariri wa Janet Topp Fargion. Mkwaruzo haukufutwa wote, nalo ni jambo la kusifiwa. Ziko programu za kompyuta ambazo hufuta kila kinachofanana na kelele, na s ya mwimbaji, kwa kipimo cha mashine, hufanana na kelele kuliko kitu kingine chochote. Santuri iliyosafishwa hadi ikawa kimya mara nyingi huwa imesafishwa na vina. Linalobaki kusikitisha ni kwamba kusikia vina hivyo, kwa muda mrefu, kumehitaji kufunga safari ya kwenda kwenye rafu za London, ilhali nakala nyingine za sahani hizo hizo zinaota kuvu chini ya vitanda vya Ng'ambo, Mombasa na Tanga.

Kwa mwenye sanduku la namna hiyo, waya una nafasi yake, nayo ni ya kawaida: shaba, ngao, mita moja, plagi isiyo na kutu, ethi imefungwa. Baada ya hapo fedha ziende kwenye ncha. Kisha, akiwa anainakili sahani kwenye kompyuta, anakili kwanza bila kanuni ya RIAA, kwa kikuza kinachoweza kuiondoa, na asahihishe baadaye kwa sikio; au, akiwa na chombo cha kawaida tu, ajue kwamba kanuni hiyo inaweza kutenguliwa kwa programu kwa kuwa vipimo vyake vinajulikana. Mwendo nao aupime: kwenye umeme wa hezi 50, duara la mistari 77 likionekana kusimama chini ya taa, sahani inazunguka mara 77.92 kwa dakika, na hapo sauti ya Siti huwa karibu na sauti aliyokuwa nayo chumbani.

Jambo moja la mwisho linahusu nyaya mbili, ya kushoto na ya kulia. Sahani za 78 ni za sauti moja, na wimbo ule ule umechorwa katika kuta zote mbili za mchirizi. Kwa kusikiliza tu, nyaya hizo huunganishwa kuwa moja kwa kiungo cha bei ya chai, na hapo kelele inayotokana na sindano kupanda na kushuka hujifuta yenyewe, wimbo ukabaki. Lakini kwa kunakili, zisiunganishwe. Sindano za chuma hazikuzila kuta mbili kwa usawa. Mkono wa gramafoni huvutwa kuelekea katikati ya sahani, na ukuta mmoja huchimbika kuliko wa pili. Mwenye subira husikiliza kushoto peke yake, kisha kulia peke yake, ubeti kwa ubeti, na kuandika. Mara nyingine kina ambacho upande mmoja ni upepo mtupu, upande wa pili ni -sha, wazi kabisa.